Umbali wa mshale

Watoto wangu wana majina ya hesabu. Kwetu Wakonzo, kifungua mimba akiwa msichana huitwa Masika, msichana anayemfuata huitwa Biira, na mvulana akizaliwa nyuma ya dada wawili huitwa Muhindo, maana amegeuza mkondo. Masika ana miaka 11, Biira 8, Muhindo 5. Ukisikia jina la mtoto wa Kikonzo unajua amekuja wa ngapi, hivyo mzazi hana kisingizio cha kukosea hesabu. Mimi hesabu hiyo ilinipotea mchana kweupe, Biblia mkononi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilianza zikiachana siku chache tu, kwa hiyo mji wetu wote wa Bwera, magharibi mwa Uganda, ulikuwa umefunga, angalau kwa maneno. Mimi ni katekista siku ya Jumapili. Siku nyingine nauza mchele na mafuta ya kupikia karibu na mpaka wa Mpondwe, na Kiswahili changu nimekiokota huko huko, kwa wateja wanaovuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nawafundisha watoto wa parokia habari za wana wa Israeli jangwani. Ile miaka 40 waliijua kama wanavyojua mbili mara mbili. Siku moja nikawauliza, jangwa ni nini? Mmoja akajibu, "Ni mahali pasipo na duka."

Simlaumu. Mtoto wa Bwera anazaliwa kwenye migomba na mibuni, na mto Lhubiriha anausikia akiwa kitandani. Tena sisi wa wilaya ya Kasese maji yametuumiza kuliko ukame. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, ukarudia Mei 2020, ulishuka kutoka mlimani na mawe makubwa kama magari, ukabomoa madaraja na nyumba, ukaingia hata hospitali ya Kilembe. Mwambie mtoto wa Kilembe kwamba Mungu alionyesha wema wake kwa kutoa maji mwambani, uone atakavyokutazama.

Basi nikaamua kuwapeleka wangu mahali ambapo maji hayapo. Waione kiu, nilijiambia, wamwelewe Musa.

Kasese haina jangwa, ina nyika. Milima ya Rwenzori inayakamua mawingu, na bonde lililo chini yake linabaki na jua na upepo. Ukitoka Bwera kuelekea Kikorongo unaona migomba ikipungua, halafu nyasi zinakuwa na rangi ya manyoya ya simba, halafu inaanza ile miti isiyo na majani, matawi yake ya kijani yamesimama juu kama kinara cha mishumaa. Utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utaitafuta hospitali kwa kupapasa. Biblia yetu ya Kiswahili nayo haisumbuki sana na tofauti hizo: Waisraeli wanazunguka jangwani, Yohana Mbatizaji analia nyikani, na mhubiri anahubiri yale yale. Nikachagua Katwe, kwenye ziwa la chumvi.

Mama Masika hakukubali. "Baba Masika, unawapeleka matembezi au unawapeleka kutubu? Huyu Muhindo ana dhambi gani?"

Nikamkumbusha kwamba Bwana wetu alifunga siku 40.

"Alikuwa mtu mzima," akasema, akaendelea kufunga chapati kwenye kitambaa. Yeye alikuwa anabaki dukani. Alichemsha maji, akayapoza, akajaza kidumu cha lita tano, akamkabidhi Masika. Hakunikabidhi mimi. Wakati ule sikuliona hilo.

Gari lilikuwa la mzee mmoja jirani yangu tunayemwita Hajji, ingawa Makka hajafika. Mwenyewe husema jina hilo ni deni na atalilipa. Alikuwa amefunga. Alituchukua saa tatu asubuhi, na njia nzima alinyamaza, isipokuwa Kikorongo aliposimama kununua ndizi akawapa watoto nyuma bila kugeuka.

Katwe si mahali pa mtu kwenda kujitembelea tu na watoto. Nyati wapo, viboko wapo, chui pia. Tulimpata kijana wa pale anayeongoza wageni, akatupitisha kwenye ukingo wa lile shimo kubwa lililopasuliwa na moto wa ardhini zamani sana. Ziwa liko chini, rangi yake inabadilika kadiri unavyosogea, na harufu yake inakukuta kabla hujaliona. Maji yanaingia, hayana pa kutokea isipokuwa juu, kwa jua. Kingo zimegawanywa vidimbwi kwa udongo na vijiti, kila kidimbwi na mwenyewe, na wengi wa wanaokusanya chumvi humo ni wanawake. Wanaume wanaingia ziwani penyewe, wanavunja magadi na chumvi ya mawe kutoka chini, wanaipakia kwenye vyelezo. Ukiwa na kidonda hutoki humo ukicheka. Wafalme wa Bunyoro waliipigania chumvi hii, Mwingereza Lugard akajenga ngome hapa mwaka 1891 kwa sababu hiyo hiyo, na katika miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda ambacho mabomba yake yaliliwa na chumvi yenyewe. Mabati yake bado yamesimama, yanakula kutu.

Biira alitazama mapande ya chumvi yaliyopangwa kando, akauliza kama hiyo ndiyo wanayolambishwa ng'ombe. Nikasema ndiyo. Akafikiri kidogo. "Mke wa Lutu angelambwa na ng'ombe wangapi?" Sijawahi kulisikia swali hilo seminari ya makatekista.

Kutoka ukingoni, siku ikiwa safi, unauona mlima. Siku hiyo tuliona tumbo lake tu, kichwa kilikuwa mawinguni. Babu yangu aliyeishi juu, upande wa Ibanda, alikuwa na mahali pa kuelekeza macho: Nyamuhanga aliumba, Kitasamba anakaa kwenye theluji, na theluji unaiona. Imani yenye anwani. Nilipokuwa kijana niliicheka. Siku hizi sicheki, kwa sababu theluji yenyewe inakwisha. Duke wa Abruzzi, Mwitalia, alipopanda kilele cha Margherita mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilifunika zaidi ya kilomita za mraba sita. Sasa haifiki hata moja. Kitasamba atahamia wapi? Ndiyo sababu nyingine iliyonipeleka nyikani. Mungu wa kitabu cha Kutoka hana mlima wa kudumu, anakaa kwenye hema, linakunjwa, linabebwa, linasimikwa tena. Nilitaka wanangu wawe na Mungu asiyeyeyuka. Niliona ni wazo zuri, na bado naliona zuri. Tatizo lilikuwa mimi.

Nilikuwa nimeweka sheria. Kila kituo, kifuniko kimoja cha maji kwa kila mtoto. Tukifika mwisho, wote wanywe washibe, halafu nisome mahali Musa anapoupiga mwamba. Nilikuwa nimelipanga kama igizo la Noeli. Tulianza kutembea saa tano, saa ambayo hata mbuzi wa Katwe wako kivulini, na hilo nalo nililihesabu kuwa sehemu ya somo.

Muhindo alianza kulia kituo cha pili. Si kilio cha ukaidi. Ule wa ukaidi naujua, una mapumziko ya kukuangalia kama unamtazama. Hiki kilikuwa kilio chembamba, kisicho na mapumziko. Nikamwambia avumilie. Nikatangulia na yule kijana, akinieleza habari za kiwanda, na nilikuwa na hamu ya kusikia. Tukafika kwenye mti mmoja wenye kivuli chembamba, nikaketi, nikafungua Biblia kutafuta mahali pangu. Ukurasa uliofunguka ni wa Mwanzo, sura ya 21. Labda kwa sababu Biblia yangu imevunjika mgongo hapo.

Nilisoma nikiwa nasikia mtoto wangu analia kwa mbali. Yeyote anayeijua sura hiyo ameshaona nilikofika. Hajiri amefukuzwa na mwanawe, maji ya kiriba yamekwisha, anamweka kijana chini ya kichaka, kisha anakwenda kuketi mbali, umbali wa mshale uliorushwa, asimwone akifa.

Nikainua macho. Masika alikuwa amembeba Muhindo mgongoni, ameinama kama mwanamke wa miaka 60. Biira alikuwa na kidumu kichwani. Kati yangu na wao palikuwa na hatua mia moja na hamsini hivi. Hajiri alikuwa na sababu: kiriba kilikuwa kitupu. Changu kilikuwa kimejaa, kiko kichwani mwa mtoto wa miaka minane, na ni mimi niliyekifunga.

"Mzee," yule kijana akaniambia kwa adabu, "mtoto wako analia." Akateremka yeye kuwapokea. Nilisimama nikamfuata, lakini alitangulia, na hilo siwezi kulifuta.

Walikunywa. Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu, isipokuwa koo zao. Kisha nikafanya ambacho makatekista hufanya wakiona haya, nikasoma. Niliwasomea habari ya Hajiri kwa sauti, nikawaonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulisimamia: mama ndiye anayepaza sauti yake na kulia, ila Maandiko yanasema Mungu aliisikia sauti ya kijana. Sikilizeni, nikawaambia, mtoto akilia Mungu husikia.

Masika alikuwa bado anahema. "Na wale wa Lhubiriha?"

Msomaji wa mbali pengine haijui. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa kwetu Mpondwe, wakachoma bweni, wakakata kwa mapanga. Walikufa watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi. Masika alikuwa na miaka tisa wakati huo. Aliyaona majeneza. Alisikia pia tuliyoyasema makaburini sisi wenye vitabu. Kwamba Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Kwamba ni majaribu, tuimarike. Niliyasema yote mawili, na kwa hilo la maua kuna mama mmoja ambaye hadi leo akiniona njiani anavuka upande wa pili. Yuko sahihi.

Kwa hiyo swali la Masika halikuwa la kitoto. Ndilo swali lenyewe. Kama Mungu husikia sauti ya mtoto, usiku ule alisikia nini? Na kama alisikia akanyamaza, kwa nini nimlete Muhindo hapa nimfundishe kumlilia?

Nilimwambia Masika sijui. Tukashuka kuelekea gari, Muhindo mgongoni kwangu safari hii, na shingo yangu imelowa machozi yake na makamasi.

Hajji alikuwa amelala kivulini mwa gari, kofia usoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliketi, akawatazama watoto, akanitazama mimi, akaelewa bila kuambiwa; wazee wana ufedhuli huo. Nilimweleza, kwa kujitetea nadhani, kwamba nilikuwa nawasomea habari za Hajiri.

"Hajar," akanisahihisha. "Kwetu mtoto alikuwa wa kunyonya. Na Ibrahim mwenyewe ndiye aliyewapeleka."

Hapo nikamshika, maana hesabu za Mwanzo nazijua: Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, na 100 alipozaliwa Isaka. Isaka alikuwa ameshaachishwa ziwa walipofukuzwa, kwa hiyo Ishmaeli ni kijana wa miaka 14 na zaidi. Anawekwaje chini ya kichaka kama kifurushi? Wenye elimu wanaeleza kwamba hapo simulizi mbili za kale zimefumwa pamoja. Hajji hakuwa na haja ya maelezo hayo. Alinisimulia alivyofundishwa na sheikh wake: kwamba Ibrahim aliwaacha bondeni, akageuka aende zake, na Hajar akamfuata akimuuliza, ni Mungu aliyekuamuru? Alipojibiwa ndiyo, akasema basi Yeye hatatuacha. Kisha maji yakaisha, akapanda kilima cha Safa akatazama, akakimbia hadi kilima cha Marwa akatazama, mara saba, mpaka chemchemi ya zamzam ikatoka miguuni mwa mtoto. Kila hujaji anaikimbia njia hiyo hadi leo, wafalme na madereva.

"Kwenu aliketi," Hajji akasema. "Kwetu alikimbia."

Nikamwambia hata kwetu Mungu alimwinua. Akatikisa kichwa kwa upole. "Kwetu hakungoja kuinuliwa. Mtoto analia, wewe ungefanya nini?"

Sidhani alikusudia kunichoma. Lakini njia nzima hadi Kikorongo nilikuwa narudi kwenye aya zile, na nilipofika nyumbani nilizisoma tena polepole, kama mtu anayesoma mkataba alioutia sahihi bila kuusoma. Na huko ndiko nilikoona mpangilio wake. Kwanza Hajiri anaulizwa ana nini. Kisha anaambiwa asiogope. Kisha anaamriwa asimame, amwinue kijana, amshike mkononi. Ni baada ya amri hiyo ndipo macho yake yanafunguliwa anaona kisima. Maandiko hayasemi kisima kiliumbwa saa ile. Alikiona. Huenda kilikuwapo muda wote, ila kwa yule aliyeketi umbali wa mshale, amegeuza uso, hakikuonekana. Na hata baada ya kukiona, Mungu hachoti. Anayekwenda kujaza kiriba na kumnywesha kijana ni Hajiri.

Je, hili linajibu swali la Masika? Hapana, na ninamshuku kila mhubiri atakayesema linajibu. Mwanzo sura ya 21 ni habari ya mtoto mmoja aliyesikiwa. Haisemi kwamba kila mtoto husikiwa, na kosa langu la miaka mingi, kosa la makatekista wengi, ni kuigeuza habari kuwa sheria. Ukiifanya sheria, makaburi ya Lhubiriha yanaivunja, na hapo ndipo unapoanza kutafuta maua. Habari ile inanipa jambo dogo zaidi, na la aibu zaidi: inaniambia mzazi akae wapi mtoto anapolia. Kuhusu Mungu alikaa wapi usiku ule, nimeacha kumtetea. Ayubu naye hakufurahishwa na waliomtetea Mungu mbele yake, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe hakufurahishwa nao.

Kuna jambo lingine linalonikera. Kiu niliyowapa wanangu ilikuwa ya bandia, na yenye kuumiza vile vile. Kiu ya Hajji ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyemlazimisha. Alishika kidumu chetu kukipakia garini, maji yakisikika ndani, akakiweka. Kiu ya kina mama wanaovuka Mpondwe kutoka upande wa Kongo, watoto mgongoni, kila mapigano yanapowaka, hawakuichagua wala hawakuipanga. Tunaziita zote jangwa tunapohubiri. Hata hivyo mfungo wa mtu mzima ni wake, anaweza kuutoa kwa sababu ni wake. Wa mtoto siwezi kuutoa mimi. Waislamu hawamlazimishi mtoto kufunga, na Kanisa halimdai mtoto wa miaka mitano. Dini zote mbili zilikuwa zimeshaliona hilo, na mimi nilikuwa nimezipita zote mbili kwa utakatifu.

Jumapili iliyofuata, darasani, nilifika kwenye Kitabu cha Hesabu, sura ya 14. Karibu wote waliotoka Misri wakiwa watu wazima wanahukumiwa kufa jangwani, na watoto wao, wale ambao wazazi walisema watatekwa, ndio watakaoingia. Nilikuwa nimeifundisha sura hiyo mara nyingi kama onyo kwa watoto. Inahusu wazazi.

Makatekista wenzangu, mkifika kwa Hajiri, msikimbilie kisima. Simameni kwanza mahali anapoambiwa ashike mkono, na mtoto akiwauliza habari za Lhubiriha, mwacheni amalize swali.

Jumamosi ile tulifika Bwera kabla ya magharibi. Hajji alikataa pesa ya kusubiri, akaenda kufuturu. Mama Masika alimpokea Muhindo, akamgusa paji la uso, hakuniuliza kitu. Kisha akakiinua kidumu kutoka kwenye gari, akakipima kwa mkono. Kilikuwa bado na maji nusu.